Jinsi ya kubishana muvi za zamani na mpya bila kununiana

Kwanza kabisa iangalie muvi yenyewe hadi mwisho, sio treila, sio vipande vya kwenye simu halafu unakuja kutuambia eti mbovu. Ukisema za zamani ndo zilikua kali taja ipi na kwa nini, mfano mi nawakubali Kanumba na Ray, wale waigizaji wa Bongo Movie, kwa sababu stori zao zilikua zinaeleweka hata na bibi, ila sauti jamani, upepo unasikika kuliko muigizaji, na Part 2 walikua wanakuuzia kama muvi nyingine!

Halafu usifananishe vitu visivyofanana. Vuta N'kuvute ya 2021 imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 50, picha tamu mno, sasa ukiipima kwa muvi ya kupigwa siku kadhaa mtaani unamuonea mtu bure.

Mwisho wa stori usiutaje kabla hujauliza nani hajaona. Na kama ni muvi ya nje uliiona kibanda umiza (banda la video la mtaani) ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na DJ, sema ukweli, maana vichekesho vingine ni vya DJ mwenyewe, kwenye muvi havipo 😂