Jinsi ya kuona kinga ya kiwavi ikipambana: jaribio la uzi wa nailoni

Nyigu akimdunga kiwavi na kuacha yai mwilini mwake, seli za damu ya kiwavi hulizingira tabaka juu ya tabaka, kisha gamba hilo huwa jeusi kwa melanini na yai hufa. Uzi wa nailoni huzichokoza seli hizohizo. Wanafunzi na wakulima hapa Busia, upande wa Uganda, mimi huwaonyesha hivi.

Hatua ya 1. Mvua zikishika, funua majani ya katikati ya mahindi yaliyotobolewa. Kiwavijeshi vamizi ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Chagua wakubwa, kila mmoja kopo lake lenye namba, maana hulana.

Hatua ya 2. Kata mshipi mwembamba wa kuvulia samaki vipande vya milimita 4 hivi, uvikwaruze kwa msasa, uviloweke katika spiriti, uvikaushe.

Hatua ya 3. Laza kopo juu ya barafu mpaka kiwavi atulie. Pitisha sindano motoni, ipoe, toboa ubavuni kati ya pingili mbili. Hapa ndipo wengi huharibu. Sindano ikisimama wima hutoboa utumbo, bakteria humwagika ndani, na kesho unamkuta amelegea, mweusi mwili mzima, ananuka. Huo ni uozo, si kinga. Ilaze sindano, ingiza uzi, acha ncha nje. Damu itakayotoka (usitegemee nyekundu, ni ya kijani au manjano) idondoshe kwenye karatasi nyeupe uitazame: itaanza kuwa nyeusi yenyewe, kwa kimeng'enya kilekile kinacholitia gamba weusi.

Hatua ya 4. Baada ya saa 24 chomoa uzi, uupe namba ya kopo lake, uulinganishe na uzi mpya chini ya kioo cha kukuzia. Weusi ukikolea, kinga imeitika.

Hatua ya 5, ninayoipenda kuliko zote. Endelea kuwalisha viwavi. Ukiona mmoja ametokwa na buu la nyigu lililojifumia kifuko cheupe cha hariri, rudi kwenye uzi wenye namba yake. Mara nyingi utaukuta umefifia. Nyigu wa jenasi Cotesia hawaingizi yai tupu. Huliambatanisha na virusi vinavyotengenezwa katika ovari zao, navyo huzilemaza seli za damu za kiwavi.

Hata hivyo si kila nyigu humweza kila kiwavi. Cotesia sesamiae wa Kitale hukua salama ndani ya funza wa mabua, Busseola fusca. Wa Mombasa, spishi ileile, mayai yake huzingirwa na kufa. Kwa hiyo ukiahidiwa nyigu wa kumaliza funza shambani, uliza kwanza walitolewa wapi.

Ukimaliza, viwavi waliobaki watose kwenye maji ya sabuni. Nyigu waliotoka warudishe kwenye mahindi.