Jinsi ya Kubuni Sarafu za Wachawi Waliojificha

Naandika hadithi za wachawi wanaoishi kwa siri katikati ya watu, na wasomaji huuliza lilelile: wanalipana nini? Ukijibu "dhahabu" ukaishia hapo, duka la kwanza kwenye hadithi litakuumbua.

Hatua ya 1: Madini. Kama mhusika wako anageuza kokoto kuwa dhahabu, dhahabu haina thamani tena. Tafuta kitu kimoja ambacho uchawi haukizalishi, sarafu zitokane nacho. Pa kuzipigia chapa pasikusumbue. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za thamani ya rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora.

Hatua ya 2: Mgawanyo. Hapa usiwe na haraka. Hesabu ya mia inanukia ofisi ya serikali. Sokoni watu wa kale walipenda namba inayokatika nusu kwa nusu. Rupia ya pwani yetu ilikuwa na sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa: nusu 32, robo 16, thumuni 8. Wajerumani waliiacha hesabu hiyo mwaka 1904, wakaigawa rupia kwa senti zao ziitwazo heller, 100. Waingereza kwao walivumilia peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni hadi 1971. Mimi huchukua 64, kisha naongeza sarafu moja isiyogawanyika vizuri, masalia ya mtawala aliyepinduliwa. Wahusika waigombanie kwenye chenji.

Hatua ya 3: Sura. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa zina maneno ya Kiarabu yenye vina, jina lake upande mmoja, kumtegemea Mungu upande wa pili. Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ina mwaka 1780, nayo ilizidi kutolewa na mwaka huohuo karne nzima na zaidi baada ya malkia kufa, maana wafanyabiashara walikataa sura nyingine. Kwa wachawi wanaoishi miaka mia tatu, hiyo ni zawadi.

Hatua ya 4: Mlango wa kubadilishia. Sarafu ya wachawi ikiuzwa kwa watu wa kawaida kwa shilingi chache kuliko thamani ya dhahabu iliyomo, mjanja mmoja atazikomba zote, aziyeyushe, ampelekee sonara. Basi ama bei ifuate ya sonara, ama sarafu igeuke kigae ikivuka kizingiti cha ulimwengu wa wachawi. Napenda kigae, kinakuletea matapeli bila jasho.

Hatua ya 5: Bei. Tano zinatosha: mkate, kodi ya chumba, nauli, hongo, mazishi. Mwandike mhusika akinunua na kurudishiwa chenji. Ukilazimika kufungua kikokotoo, punguza aina za sarafu.