Mchujo ukiwa mkali: kugeuza ushabiki kuwa kura mtaani

Kwenye mchujo wa chama wa kumteua mgombea wa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), wadi inaweza kuamuliwa na kura za ploti mbili tatu tu. Msafara wa bodaboda, fulana na honi hupendeza, lakini karani wa chama havihesabu. Ukishapata mwaniaji unayemtaka, kazi yako ni kuhakikisha waliomkubali wamo kwenye sajili, wanafika kituoni, na kura zao zinabaki kama zilivyopigwa.

Uliza kwanza chama kitatumia njia gani. Tangu sheria ya vyama irekebishwe mwaka 2022, chama kinaweza kuwaita wanachama wote wapige kura au kuwaachia wajumbe, yaani wachache wanaopiga kura kwa niaba ya wengine. Ikiwa ni wajumbe, acha kugawa vipeperushi stejini. Jua wajumbe wa wadi yako ni kina nani, kisha uongee nao mmoja mmoja. Yanayofuata ni ya mchujo wa wanachama wote.

Hapo anayepiga kura ni yule aliye kwenye sajili ya chama. Bonyeza *509# kwenye simu uone umeandikishwa chama gani. Usidhani unajua: mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta ndani ya vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Sheria hairuhusu uanachama wa vyama viwili, kwa hiyo aliye kwingine ajiuzulu kwanza kwa maandishi, ndipo ajisajili upya. Mfanye kila mfuasi aangalie simu yake mbele yako. Anayekuambia “nitaangalia jioni” haangalii.

Kisha fungua daftari. Kila mfuasi achukue watu ishirini hivi anaowajua kwa sura, si majina aliyookota kwenye grupu la WhatsApp. Andika jina, ploti, simu, chama, kituo alichojiandikishia kura, na saa anayoweza kutoka kazini. Nambari ya kitambulisho usiandike; huna kazi nayo, na daftari likipotea umewaweka watu wako hatarini.

Safu ya kituo ndiyo inayoumbua hesabu za Nairobi. Watu huhama nyumba kila kukicha: mtu analala Pipeline, kura yake iko Kayole, au iko kwao Kakamega kabisa. Atapiga makofi kwenye mkutano wako na siku ya mchujo asikusaidie kitu. Mtoe kwenye hesabu mapema. Waliobaki wape alama tatu: wetu, anayesitasita, wa upande ule. Wa upande ule usibishane nao. Muda huo ni wa wanaositasita, na wao humsikiliza jirani kuliko kipaza sauti.

Pesa usigawe. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea.

Siku yenyewe, tarajia vifaa vichelewe. Aprili 2017 Jubilee ilifuta mchujo wake wa siku ya kwanza kwa sababu karatasi hazikutosha. Wanaofanya kibarua Industrial Area hawawezi kungoja foleni isiyosonga, kwa hiyo uwe na mtu kituoni wa kukuambia kura zimeanza lini hasa, ndipo uwapigie simu. Saa sita mchana pitia daftari tena: ambaye hajawekewa tiki kwamba amepiga kura afuatwe mlangoni.

Mawakala wa kumlindia mwaniaji wenu kura wawe wawili kwa kila kituo, wapokezane. Mmoja peke yake njaa humtoa nje jioni, na kura huhesabiwa jioni. Waone debe likiwa tupu kabla ya kufungwa, na mwishoni wapige picha ya fomu nzima ya matokeo: jina la kituo, jumla, sahihi zote. Picha iliyokatwa pembe haina kazi. Jumlisha mwenyewe kabla ya kusikia matokeo kwenye ukumbi wa kujumlishia kura.

Mkidhulumiwa, malalamiko huanzia ndani ya chama, halafu Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, halafu Mahakama Kuu. Pelekeni fomu na hati za kiapo, si sauti za WhatsApp. Na kama mtu wenu anawaza kuwa mwaniaji huru, aangalie kalenda kabla ya hasira: Katiba, kifungu cha 85, inataka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, barua yake iwe imepokewa chamani kabla ya Mei 10.