Kisanamu cha udongo kitembee kwenye kompyuta: kazi inaanzia kwenye udongo

Wengi wakishafinyanga kisanamu kikapendeza wanakimbilia kupiga picha na kufungua Blender, programu ya bure ya 3D na animesheni, halafu wanashangaa mbona mkono ukikunjwa unabonyea kama mpira uliotoka upepo. Shida imeanzia kwenye udongo hiyo. Nusu ya animesheni unaiamua wakati vidole bado vina tope.

Chukua mfano wa sungura anayesimama wima. Mikono inyooke pembeni imeshuka kidogo, isiguse mwili, miguu iachane, vidole viachane, maana kamera isipoliona kwapa, programu ya kugeuza picha kuwa umbo la 3D inaliziba na unapata mkono umegandia ubavuni. Kama ataongea mdomo uache wazi kidogo. Ndani weka waya wa kufungia nondo, la sivyo masikio yatalala. Macho usifinyange, acha matundu tu, mboni utaweka tufe kwenye kompyuta ndo zitageuka vizuri.

Halafu kuna hii ambayo watu hawafanyi kabisa: udongo ukishakauka kidogo chukua penseli uchore mistari juu yake, miduara kuzunguka macho na mdomo, mistari mitatu mitatu kwenye kiwiko na goti. Sio mbinu ya jana, mwaka 1972 pale Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Ed Catmull alitengeneza mkono wa plasta kutoka kwenye mkono wake mwenyewe, akauchora vipande vipande kwa wino, akapima kona zake na kuziingiza kwenye kompyuta, na ule mkono ukakunja vidole. Mistari yako inafanya kazi mbili, inaipa programu alama za kushika kwenye picha, na baadaye inakuonyesha meshi, yaani wavu wa nukta na mistari unaounda umbo kwenye kompyuta, ipite wapi.

Picha piga kivulini au siku ya mawingu, jua kali hapana. Kisanamu kiweke kwenye stuli juu ya gazeti, maandishi ya gazeti nayo yanasaidia, na wewe ndo uzunguke, kisiguswe. Raundi tatu, chini, katikati na juu, kila raundi picha kama 24, kila picha irudie zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Bonyeza skrini ya simu ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Plastisini inang'aa na mng'ao unaichanganya programu, ipake poda ya mtoto kwa brashi laini.

Picha ziingize Meshroom, programu ya kompyuta inayozigeuza kuwa umbo la 3D, ni ya bure ila inataka kadi ya michoro ya NVIDIA. Kama huna, pakua RealityScan kwenye simu, kazi inafanyika kwenye seva zao, kitakachoumia ni bando lako tu.

Meshi utakayopata ni nzito na imevurugika, usijaribu kuifunga mifupa (ile ya kidijitali ya kuisogeza) hivyo hivyo. Ndani ya Blender washa sumaku (Snap) upande wa Face ili nukta mpya zigande kwenye uso wa ile ya zamani, jenga meshi mpya nyepesi ya pembenne juu ya ile ya zamani ukifuata mistari yako ya penseli, hapa ndo jasho lilipo, weka muziki. Ukimaliza fungua UV, yaani itandaze meshi iwe bapa kama ngozi iliyochunwa, halafu hamisha alama za vidole na mikwaruzo kutoka meshi nzito kwenda nyepesi kwa kubeki normal map, yaani picha inayoifanya meshi nyepesi ionekane na mabonde yale yale, lazima uwe kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha. Tafadhali usilainishe zile alama za vidole, bila hizo ungeanzia kwenye kompyuta tu.

Kabla ya mifupa bonyeza Ctrl+A uchague Scale, ili Blender ihesabu ukubwa wa sasa kuwa ndio wa kawaida. Mixamo, tovuti ya kufunga mifupa, ni bure, unaweka alama kwenye kidevu, viwiko, vifundo vya mikono, magoti na kinena inafunga yenyewe, ila inajua viumbe vya umbo la binadamu tu, masikio na mkia utaongeza mifupa mwenyewe. Ukifungia Blender kwa Automatic Weights (inaamua yenyewe mfupa upi unavuta sehemu ipi) ikagoma, mara nyingi kuna nukta zimerundikana sehemu moja, zichague zote upige Merge by Distance.

Kwenye kuanimeti weka fremu 24 kwa sekunde lakini kila pozi likae fremu mbili, na interpolesheni iwe Constant, yaani pozi liruke hadi lingine bila kuteleza, sungura ataruka ruka kiudongo hasa. Kamera ndo usiifanyie hivyo, yenyewe iache iende fremu kwa fremu, la sivyo watazamaji wataumwa kichwa.