Upande Mkavu, Upande wa Wino: Namna Ninavyochapa Picha Nyumbani

Chumba changu cha kazi ni baraza ya nyuma ya nyumba tunayopanga Keko, Dar es Salaam. Upana wake hatua nne, urefu hatua tano. Ukuta wa matofali unafika kiunoni, juu yake wavu wa mbu, na bati linaloanza kulia jua likipanda. Hapo ndipo ninapochonga mbao, kuchapa na kuanika, na jioni mama mkwe wangu huchambulia mchele kwenye meza hiyohiyo.

Kila anayekuja kujifunza huniuliza kwanza mashine iko wapi. Mashine sina, na kwa picha ndogo kama zangu sijaihitaji. Chapa ya mbao ni ubao uliochongwa, wino juu ya sehemu zilizobaki, karatasi juu ya wino, na mkono unaosugua. Ukiona picha ya mtu imechafuka, mara nyingi si kwamba amekosa vifaa. Wino umefika mahali ambapo haukupaswa kufika. Kwa hiyo somo langu la kwanza si kuchonga. Ni kuigawa meza.

Chukua kanda ya gundi ya rangi kali, mimi natumia nyekundu, uibandike katikati ya meza kutoka ukingo hadi ukingo. Kushoto ni pakavu: karatasi, penseli, rula, kitambaa safi. Kulia ni kwa wino: kioo, rola, kopo, kisu cha puti, matambara. Kitu cha kulia hakivuki. Hata mikono nimeigawa. Wa kulia unashika rola, wa kushoto unashika karatasi, na karatasi siishiki kwa vidole vitupu bali kwa vipande viwili vya manila vilivyokunjwa kama koleo. Wiki ya kwanza utaona ni usumbufu. Baada ya hapo mwili wenyewe unakumbuka.

Sasa mbao. Lino halisi, lile tandiko laini ambalo wengi huchonga badala ya mbao, ile inayotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa magome ya mti wa koki, huku kwetu ni ghali na inaagizwa. Mimi nakaa jirani na mafundi samani wa Keko, na mabaki yao ya plaiwudi ya milimita nne yananitosha. Chagua kipande ambacho uso wake hauna fundo wala nyufa. Kipige msasa namba 240 kufuata nyuzi za mbao, kisha kipake vanishi nyembamba ili kisinywe wino wote. Ikikauka, paka wino mweusi uliozimuliwa sana, ubao uwe wa kijivu. Hapo kila unapochonga panaonekana peupe, na unaiona picha yako kabla hujaichapa. Kwa anayeanza kabisa, nenda kwa fundi viatu ununue kipande cha raba ngumu ya soli. Inachongeka kwa urahisi na haina nyuzi za kukupinga. Ile laini yenye vinyweleo iache, inabonyea chini ya kijiko na mistari inavimba.

Bobari mbili, yaani patasi zenye makali yaliyopinda kama mfereji, nilizirithi kwa babu mzaa mama, aliyekuwa seremala. Nyingine zote nimezitengeneza kwa mbavu za miavuli iliyokufa. Itazame mbavu ya mwavuli kwa karibu: ni chuma chembamba kilichokunjwa kama mfereji, tayari kina umbo la bobari. Kata kipande cha sentimita nane, kinoe mshazari kwa tupa upande mmoja, ukipachike kwenye mpini wa mti wa mpera. Kinatoa mkato mwembamba unaofaa nywele, majani ya mnazi, nyuzi za mkeka.

Kunoa ndiko kunakonipotezea wanafunzi wengi, kwa hiyo hapa naomba unisikilize vizuri. Chombo butu hakichongi, kinasukuma. Ukisukuma unaongeza nguvu, na ukiongeza nguvu mkono unateleza. Mwaka wangu wa pili bobari iliteleza hivyo ikaingia kwenye kiganja cha kushoto, chini ya kidole gumba. Nilishonwa nyuzi tano na sikushika kazi mwezi mzima. Tangu siku hiyo sichongi bila ubao wa kizuizi: kipande cha mbao chenye kigingi chini, kinachonasa ukingo wa meza, na kingine juu kinachozuia kazi isisogee. Mikono yote miwili inakaa nyuma ya makali, daima. Ukitaka kubadili mwelekeo, geuza ubao, mkono uache palepale. Na kila baada ya dakika kama 15 nasimama kunoa, hata kama chombo hakijalalamika. Upande wa nje naupitisha kwenye kinoo chenye tone la mafuta, upande wa ndani nausugua kwa msasa namba 1000 uliokunjwa, halafu naumalizia kwenye mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba. Jaribu kwenye ukingo wa ubao: mkato wa chombo kikali unang'aa, wa chombo butu una manyoya.

Kuhamisha mchoro ni kazi ndogo ila ina mtego. Chapa hugeuza kila kitu, kulia kunakuwa kushoto. Usichore moja kwa moja juu ya ubao. Chora kwa penseli laini, 4B au 6B, kwenye karatasi nyembamba, kisha uilaze kifudifudi juu ya ubao na usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ukichapa unarudi sawa. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Chapa yangu ya kwanza yenye maandishi, mwanamke amejitanda kanga ya "Haba na haba hujaza kibaba", ilitoka herufi zote kinyume baada ya siku tisa za kuchonga. Ndipo nikaanza kuzitazama kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987. Yeye alijaza maneno ndani ya picha zake za lino nyeusi na nyeupe, sentensi nzima zikipita juu ya vichwa vya watu, na kila herufi aliichonga kinyume. Pale nilielewa kwamba maneno yanaweza kuwa sehemu ya mchoro kama yalivyo sehemu ya kanga, mradi uyape uzito uleule unaoyapa macho na mikono.

Wakati wa kuchonga, anza na mistari myembamba, maliza na maeneo mapana. Fuata nyuzi. Ukizivuka, kata kwanza mstari wa mpaka kwa kisu chenye ncha ndipo bobari ije kuishia hapo, vinginevyo mbao inachanika na kuchukua kile ulichotaka kibaki.

Tuingie kwenye wino. Kwa joto la Dar wino wa maji unakauka juu ya ubao kabla hujamaliza kusugua, kwa hiyo mimi natumia wino wa mafuta wa mashine za ofseti, ule unaouzwa kwenye makopo kwa wachapaji wa Kariakoo. Kopo la kilo moja jeusi linanichukua zaidi ya mwaka. Hewa ndiyo inayoukausha, kwa hiyo kabla ya kufunga kopo laza duara la plastiki juu ya wino wenyewe, la sivyo utakuta ngozi ngumu, na vipande vyake vikiingia kwenye rola vinaacha madoa. Joto nalo linaulegeza wino hadi unatiririka kwenye mikato. Ndiyo sababu siku ya kuchapa naamka saa kumi na moja alfajiri na kumaliza kabla ya saa tatu. Nikichelewa nauongezea chembe ya unga mweupe wa magnesiamu kaboneti, ule ambao wanyanyua vyuma hujipaka viganjani, nauchanganya kwa kisu mpaka wino ushike tena.

Kioo changu ni cha dirisha, milimita tano, kingo zimezungushiwa kanda. Tandaza mstari wa wino wenye urefu wa rola, si zaidi, kisha viringisha kwenda na kurudi, ukiinua rola kila mwisho ili igeuke. Rola iwe ya mpira. Ya sponji ya kupakia kuta inaacha mapovu. Mimi niliipata kwa fundi wa mashine za uchapaji aliyekuwa akitupa za zamani, akanikatia kipande cha sentimita kumi na tano. Sikiliza sauti. Wino ukiwa mwingi rola inabwata kama matope, ukiwa sawasawa unasikia mchirizo mwembamba, kama samaki anakaangwa nyumba ya tatu. Sauti hiyo nimeiamini kuliko jicho, maana alfajiri mwanga ni mchache na umeme haukosi kukatika.

Paka ubao kwa tabaka nyembamba nne au tano, siyo moja nene. Chapa tatu za mwanzo zitatoka hafifu, ubao bado unakunywa. Hizo chapia karatasi ya gazeti isiyochapwa, ile ya mabaki ya roli za karatasi. Usiitumie kwa kazi ya kuuza kwa sababu ina lignini, kemikali ya asili ya mbao, na itageuka njano. Kwa kazi yenyewe tafuta karatasi nyembamba isiyong'aa, gramu 60 hadi 90 kwa mita ya mraba. Watu hudhani karatasi nene ndiyo ya heshima, lakini kwa kusugua kwa mkono nene inakataa kufika kwenye wino.

Kwenye meza gundisha kona ya manila yenye umbo la herufi L. Ubao unaegemea ndani yake, na karatasi inaanza kutua kwenye alama zilezile kila mara. Ikishatua usiisogeze. Ilaze kiganja kwanza, ishike, kisha weka juu yake karatasi laini ya kuokea ili isichanike. Sugua kutoka katikati kwenda nje. Kwa mistari natumia mgongo wa kijiko cha supu. Kwa maeneo mapana meusi natumia kifuu cha nazi, nilichokipiga msasa hadi kikawa laini kama kokwa ya embe iliyonyonywa. Kifuu kinajaa kiganjani na uzito wa bega unashuka wenyewe, hivyo vidole havichoki. Inua kona moja utazame huku mkono mwingine umekandamiza. Palipo hafifu, rudisha karatasi, sugua tena. Picha ya ukubwa wa A3 inanichukua dakika 20, na asubuhi moja njema ni chapa sita au saba.

Rangi nyingi ni somo la siku nyingine, lakini jua kwamba ubao mmoja unatosha. Unachapa rangi nyepesi kwa nakala zote, unachonga tena uleule, unachapa inayofuata juu yake. Fred Mutebi wa Uganda amefanya kazi kubwa kwa njia hiyo. Ukishachonga hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo chapa nakala za akiba mwanzoni.

Kuanika ni kamba na vibanio, karatasi zisigusane. Miaka kadhaa iliyopita nilichapa nakala 18 mwezi wa Aprili, nikaona zimekauka baada ya siku nne, nikazipanga kwenye sanduku lililoegemea ukuta. Nilipofungua wiki tatu baadaye zilikuwa zimeshikana na ukungu wa kijivu umezila pembeni. Hakuna hata moja iliyopona. Tangu hapo mwaka wangu nimeupanga kwa majira: masika nachonga na kunoa, kipupwe kikiingia Juni ndipo nachapa. Chapa inakaa kambani wiki nzima, na sanduku linakaa shubiri moja kutoka ukutani, chini limeinuliwa kwa matofali.

Kusafisha hakuhitaji mafuta ya taa, na kwenye nyumba yenye watoto siyaruhusu. Mafuta ya kupikia kidogo yanalainisha wino, tambara linaubeba, sabuni ya kipande na maji vinamaliza kioo na rola. Ubao usiuoshe kwa maji, ufute tu. Matambara yenye wino wa mafuta usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo, yanaweza kupata moto yenyewe. Yatandaze kwenye uzio yakauke kabla ya kuyatupa.

Chapa zikikauka natia namba kwa penseli, maana kalamu nyingi hufifia: kushoto 1/20, yaani nakala ya kwanza kati ya ishirini, 2/20 na kuendelea, katikati jina la picha, kulia sahihi. Nikisema 20 ni 20. Nakala ya ishirini ikitoka napiga mstari mmoja mrefu wa bobari katikati ya ubao usichapwe tena, na ubao unaenda juu ya kabati.

Saa kumi jioni naondoa kioo, narudisha rola kwenye msumari wake, nafuta upande wa kulia mara mbili. Mama mkwe anatoka na ungo. Anautazama mstari mwekundu, anaketi kushoto.