Anza na anayemfungulia mtoto kopo la dawa

Mimi ni WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, katika CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) moja mkoani Njombe, na mwenyewe natumia dawa tangu 2007. Mkoa wetu ndio unaoongoza Tanzania Bara kwa maambukizi: utafiti wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima hapa wanaishi na VVU, wakati kitaifa ni 4.4. Mtoto mwenye VVU kwetu ni nadra awe peke yake mwenye virusi nyumbani. Kama nawe unahudumia watoto hawa, anzia hapo.

Chukua daftari la kaunta, uandike watu kwa nyumba zao, si kwa namba za kadi. Nyumba hii: bibi, mjukuu wa miaka tisa, mama mdogo mjamzito. Pembeni andika nani hasa anampa mtoto dawa, maana mara nyingi siye anayemleta kliniki. Daftari lifungiwe kabatini. Likionekana mtaani, hakuna atakayerudi.

Kisha unganisha tarehe zao. Tulikuwa na bibi aliyeshuka mara tatu kwa mwezi, kila safari bodaboda: siku yake, ya mjukuu, ya binti. Muuguzi awape siku moja, na wanafunzi wapangiwe Jumamosi au likizo. Siku hiyo uliza nani hajapimwa: ndugu wa tumbo moja, baba. Tangu sheria ilipobadilishwa 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima kwa ridhaa yake. Chini ya hapo mzazi au mlezi aridhie.

Mwenye mtoto mdogo mfundishe kwa vitendo. Vidonge vya DTG (dolutegravir, dawa ya VVU) vya watoto huyeyushwa kwenye maji safi kidogo na kunywewa ndani ya nusu saa. Mpe kikombe, ayeyushe ukimwona.

Kazi ngumu ni kumwambia mtoto. Kijana mmoja wa miaka 13 aliambiwa na bibi yake kwamba dawa ni za kifua. "Bibi, mbona sikohoi tena?" Hakujibiwa, akaacha kunywa, akawa anazifukia kwenye shamba la viazi. Bibi alizikuta siku ya kuvuna. Majibu ya wingi wa virusi yaliporudi, sote tulinyamaza. Kijana alifikiri vizuri tu. Wazee ndio tuliomdanganya. Siku hizi tunaanza kwenye miaka mitano au sita: kuna mdudu kwenye damu, dawa inamlaza usingizi. Jina la virusi alisikie kabla ya miaka 12, kutoka kwa mlezi wake, wewe ukiwa pembeni. Mlezi akiogopa, mfanyishe mazoezi. Mimi hujifanya mjukuu, bibi ananiambia mimi. Wengine hulia, na heri walilie kwangu.

Waliokwisha kuambiwa tu ndio waingie klabu ya Jumamosi ya watoto na vijana wenye VVU. Asiyejua ataulizwa swali moja na mwenzake, basi, atajulia hapo. Klabu waiongoze vijana wenyewe. Yupo wa miaka 19, virusi vyake vimefubaa, anasikilizwa kuliko mimi. Ndiye aliyewafundisha kuweka pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie njiani. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kuliwaza!

Anayekwenda bweni achague na mlezi wake mtu mmoja shuleni, matroni au mwalimu, waongee naye kabla shule haijafunguliwa, na dawa za muhula ziombwe mapema. Wewe usimpigie matroni simu bila ruhusa yao.