Ampu ya valvu inalia ngiii? Gonga kwa kijiti cha mshikaki

Ampu yetu ya kwaya imetoka Tukuyu kwa kirikuu, kufika Mwanjelwa ikawa inalia ngiii kila tukiongeza sauti. Yako ikiwa hivyo iwashe, ipate moto, halafu gonga taratibu valvu ndogo (vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti) moja moja, zile zilizoandikwa 12AX7, kwa kijiti kikavu cha mshikaki. Zote zitasikika kidogo kwenye spika ila mbovu inalia kama kengele kabisa, vyuma vya ndani vimelegea kwahiyo kila mtikisiko unageuka sauti. Zima, ipoe, badilisha hiyo moja tu sio seti nzima jamani, hela hizo. Ukibadilisha na bado inakwaruza basi ni soketi chafu au lehemu imeachia, mpelekee fundi, usifungue boksi la saketi mwenyewe maana kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme, zinabaki na volti mia kadhaa hata ukishachomoa waya ukutani.